Kiebrania ukubwani: herufi unazijua, lakini sala inakuacha nyuma

Watu wazima wengi wanaojiandikisha darasa la Kiebrania kwenye sinagogi hawashindwi na herufi. Herufi ni 22 tu, na 5 kati yake hubadili umbo zikikaa mwisho wa neno. Mtu anayehudhuria bila kukosa huzimaliza ndani ya miezi miwili hivi. Kinachowashinda huja baadaye. Kozi imeisha, mtu anaingia ibada ya Jumamosi asubuhi, anafungua kitabu cha sala, na kabla hajamaliza mstari wa pili wenzake wako ukurasa mwingine. Anarudi nyumbani akiamini kwamba hana kichwa cha lugha. Sivyo. Alichokosa ni mazoezi ya kasi, na kozi za mwanzo hazina muda wa kuyafanya. Mara nyingi ni saa moja au moja na nusu kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12, na muda huo unatosha kujua herufi na irabu, basi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, uliza darasa linafundisha nini hasa, maana jina "Kiebrania kwa watu wazima" hubeba mambo manne tofauti. Kuna darasa la kusoma tu, kuna la kuelewa maneno ya sala, kuna la mazungumzo ya Israeli ya leo, na kuna darasa la Torati au Talmudi (mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi) ambalo mara nyingi huendeshwa kwa lugha ya nchi, Kiebrania kikiguswa hapa na pale. Anayetaka kufuata ibada akijikuta darasa la mazungumzo, baada ya miezi mitatu ataweza kuagiza kahawa Tel Aviv huku Amida, sala kuu ya ibada inayosemwa kwa kusimama, ikiendelea kumpita. Muulize mwalimu swali moja: mwisho wa kozi tutakuwa tunasoma ukurasa upi wa siduri? Siduri ndicho kitabu cha sala. Akikutajia ukurasa, uko mahali pazuri.

Uliza pia kuhusu matamshi. Sinagogi nyingi leo hutumia matamshi ya Israeli, lakini wapo wanaoshika ya Kiashkenazi, yaani ya Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ambako herufi tav isiyo na nukta hutamkwa "s", na Shabbat, yaani Sabato, huwa Shabbos. Shika yale ya mahali unaposali. Ukichanganya rekodi za mtandaoni za huku na za kule utajikuta unasoma neno moja kwa namna mbili, na ulimi utasita kila mara.

Kuhusu kalenda: mwezi wa Tishri, Septemba kuelekea Oktoba, hujaa sikukuu kuanzia Rosh Hashana, Mwaka Mpya wa Kiyahudi, hadi Simhat Torah, sikukuu ya kuifurahia Torati, kwa hiyo madarasa mengi huanza baada ya hapo. Piga simu kabla ya kwenda mara ya kwanza, kwa sababu sinagogi nyingi zina ulinzi mlangoni na hutaka jina lako mapema. Darasa likiwa siku ya Sabato kwenye sinagogi ya Kiorthodoksi, usitoe kalamu wala simu: siku hiyo hawaandiki. Hayo utayakuta Minneapolis au London sawa na Nairobi, ambako sinagogi iko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway.

Sasa kazi yenyewe.

Anayezungumza Kiswahili anaanza akiwa mbele kwenye irabu. Kiebrania cha Israeli kina sauti zilezile tano, a, e, i, o, u, na hazibadiliki-badiliki. Kilicho kigeni ni alama zake, ambazo nyingi hukaa chini ya herufi. Mstari mfupi mlalo ni a, na alama inayofanana na T ndogo kwa kawaida pia ni a. Nukta mbili zilizolala ubavu kwa ubavu ni e, na nukta tatu za pembetatu pia ni e. Nukta moja chini ni i. Nukta moja juu, upande wa kushoto, ni o. Nukta tatu za mshazari ni u. Kisha kuna nukta mbili zilizosimama wima, zinazoitwa shva: mwanzoni mwa neno huwa e fupi sana, katikati mara nyingi hunyamaza, na zikifuatana shva mbili katikati ya neno, ya kwanza hunyamaza na ya pili hutamkwa.

Kinachomsumbua Mswahili ni mkazo na miisho. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi unapenda kufunga neno kwa irabu. Kiebrania mara nyingi huweka mkazo mwishoni kabisa na huacha konsonanti ikae peke yake: ba-RUKH, sha-LOM, o-LAM. Ukisema "BA-rukhu" mwalimu atakuelewa, lakini ukisali na wengine kwa sauti utakuwa nyuma kwa silabi moja kila neno, na huo ndio mwanzo wa kuachwa. Sauti "kh" tunayo, kama kwenye Khamis. Sauti ya herufi tsadi inahitaji mazoezi: ni "ts" kwa pumzi moja, bila irabu katikati.

Herufi zinazofanana hupoteza watu zaidi kuliko sauti. Bet (ב) ina pembe na mkia mdogo chini kulia, kaf (כ) imepinda mviringo. He (ה) ina mwanya juu kushoto, het (ח) imefunga. Samekh (ס) ni duara, mem ya mwisho (ם) ni mraba. Jozi inayostahili muda wako kuliko zote ni dalet (ד) na resh (ר). Kwenye dalet mstari wa juu unapita mguu kidogo kwa kulia na kufanya kona. Kwenye resh hakuna kona, ni mkunjo laini. Mstari wa kwanza wa Shema, ungamo la imani la Wayahudi, Kumbukumbu la Torati 6:4, huishia na neno אחד, ehad, "mmoja". Dalet ikisomwa resh, neno linakuwa aher, "mwingine", na ungamo la Mungu mmoja linageuka kinyume chake. Kwa mapokeo, ndiyo maana waandishi wa gombo la Torati huiandika dalet hiyo kubwa kuliko herufi za jirani. Kwenye Kutoka 34:14, panapokatazwa kumsujudia mungu mwingine, ni resh ya aher iliyoandikwa kubwa. Fungua kurasa hizo mbili, ziweke bega kwa bega, uziangalie mpaka jicho litofautishe bila kufikiri.

Kuhusu mwandiko wa mkono, Waisraeli wanao mwingine kabisa, usiofanana na chapa. Kama lengo lako ni siduri, uache kwanza, isipokuwa mwalimu anautumia ubaoni.

Baada ya herufi, chagua maandishi machache na uyasome kwa sauti kila siku, dakika 15, badala ya saa mbili Jumapili. Kasi hujengwa na macho kukutana na maneno yaleyale mara nyingi, na pengo la siku sita hubomoa karibu yote yaliyojengwa. Tunashauri uanze na Ein Keloheinu. Ni wimbo mfupi unaozungusha maneno manne, Mungu wetu, Bwana wetu, Mfalme wetu, Mwokozi wetu, na kila ubeti hubadilisha mwanzo tu. Ukiumaliza utakuwa umejua mwisho -einu, "wetu", ambao umejaa siduri nzima.

Kisha Ashrei. Ni Zaburi 145 yenye mistari miwili ya utangulizi na mmoja wa kufungia kutoka zaburi nyingine. Mistari ya zaburi hiyo imepangwa kwa alfabeti, alef hadi tav, isipokuwa nun haimo, kwa hiyo kila usomaji ni marudio ya herufi. Husaliwa mara tatu kwa siku, kwa maana hiyo utaikuta sana. Tumia saa ya simu. Mzoefu huimaliza kwa dakika moja na ushei. Anayeanza anaweza kuchukua dakika 10. Usilenge ya mzoefu. Lenga kupunguza, na ukifika dakika tatu bila kujikwaa, utaanza kuona ibada inapungua kasi machoni pako.

Maneno marefu ndiyo yanayokwamisha, na dawa yake ni kuyajenga kutoka nyuma. Chukua Shema, aya ya kwanza, neno וּבְשָׁכְבְּךָ. Anza na silabi ya mwisho: kha. Ongeza iliyotangulia: be-kha. Tena: shokh-be-kha. Mwisho: uv-shokh-be-kha. Ukilijenga hivyo unafika mwisho wa neno ukiwa na nguvu, na mkazo unakaa mahali pake. Angalia pia mtego uliomo: ile T ndogo chini ya herufi shin (ש) hapa inasomwa o, si a, kwa kuwa iko kwenye silabi iliyofungwa isiyo na mkazo. Wanaojua kanuni hiyo hawakosei. Wengine husema "shakh" kwa miaka.

Neno hilo lisikutishe kwa urefu. Biblia ya Kiswahili nayo inalisema kwa maneno mawili tu, "na ulalapo", likifuatwa na "na uondokapo". Mtu aliyezoea u-lala-po hana sababu ya kushangazwa na lugha inayobandika "na", "katika" na "wako" kwenye shina moja. Jizoeze kuvua viambishi: ve- au u- ni "na", ha- huonyesha kitu kinachojulikana, be- ni "katika", le- ni "kwa", mi- ni "kutoka". Ukivivua, mara nyingi hubaki shina la herufi tatu, na mengi ya mashina hayo unayafahamu kupitia ndugu zake wa Kiarabu waliomo kwenye Kiswahili: nefesh na nafsi, rahamim na rehema, berakha na baraka.

Suala la herufi za Kilatini tunalishikilia kwa nguvu. Siduri nyingi za kisasa huchapa matamshi kwa Kilatini pembeni, na jicho la mtu mzima litakimbilia huko kila mara, kwa kuwa ndiko kwepesi. Aliyesoma hivyo mwaka mzima bado hajui kusoma. Nunua toleo lilelile linalotumika ibadani, maana kurasa hutangazwa kwa namba, kisha wakati wa mazoezi funika upande wa Kilatini kwa kadi.

Ila mfiwa tunamtoa kwenye kanuni hii. Wengi huja darasani kwa sababu wamefiwa na mzazi na wanataka kusema Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu ambayo wafiwa nao huisema, ambayo kwa mzazi husemwa kwa miezi 11 na huhitaji watu 10 kuwepo. Kadishi ni Kiaramu, na katikati yake kuna msururu wa vitenzi vinavyofanana, vinavyowachanganya hata wazoefu. Asisubiri kumaliza kozi. Atumie Kilatini, asikilize rekodi ya polepole, ashike kifungu kimoja kimoja, na amwombe mtu mmoja asimame karibu naye aseme kwa sauti. Herufi zitafuata kwa wakati wake.

Jina la Mungu la herufi nne halisomwi lilivyoandikwa. Kwenye sala husemwa Adonai. Kwenye mazoezi ya kurudia-rudia wengi husema Hashem, maana yake "Jina". Karatasi za darasa zenye Jina hilo hazitupwi kwenye pipa. Sinagogi huwa na sanduku la geniza la kuwekea maandishi ya namna hiyo hadi yatakapozikwa. Muulize mwalimu liko wapi.

Darasani, kusoma kwa zamu mbele ya wenzako huwaaibisha watu wazima kuliko watoto, na wengine huacha kuja kwa sababu hiyo tu. Mwombe mwalimu akutajie mstari wako wiki moja kabla. Bora zaidi tafuta mwenza mmoja wa kusoma naye nje ya darasa. Usomaji wa wawili wawili, hevruta, ni desturi ya zamani ya Kiyahudi na unafaa hata kwa wanaoanza, hata kwa simu. Mmoja asome, mwingine afuate kwa kidole na amsimamishe akikosea.

Na ibadani, kaa pembeni ya mtu anayejua, na ukipotea usipekue kurasa kwa hofu. Subiri alama. Watu wakisimama na kusema Amida kimyakimya, fungua Amida. Huanza na baraka tatu zilezile siku zote, hivyo hizo ndizo za kujifunza mara baada ya Ashrei. Wakifunika macho kwa mkono wa kulia, ni Shema. Ukisikia "amen, yehei shmei raba" kwa sauti ya wengi, ni Kadishi, na sehemu moja ya ibada iko karibu kufungwa. Soma unachoweza kwa kasi yako, hata kama ni baraka ya kwanza tu, kisha uungane nao kwenye alama inayofuata.