Shangazi Anajibu: Baba anataka kuku, mama anataka makumbusho

Shangazi shikamoo. Niko Mafinga, nina watoto watatu, wa kwanza yuko fomu wani, wa pili darasa la tatu na kitinda mimba yuko chekechea. Nataka wikiendi moja tushuke Iringa mjini tule vizuri halafu tuwapeleke watoto makumbusho waone sanaa na wao, sio kila siku katuni. Baba yao anasema yeye makumbusho haendi, anataka kuku na mpira kwenye TV. Yule mkubwa nae keshaanza kununa hata safari haijapangwa. Nifanyeje? Mama wa watatu.

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, huyo baba sio mbaya, anaogopa tu kupelekwa shule siku yake ya mapumziko, na huyo wa fomu wani hivyo hivyo. Kwahiyo neno makumbusho acha kulitaja kabisa, we sema tunaenda kula Iringa, basi.

Nendeni Jumamosi, tokeni mapema, Mafinga mpaka Iringa ni kama kilomita 80 tu. Mkifika anzieni Boma, lile jengo la enzi za Mjerumani katikati ya mji ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ila nikwambie ukweli, usitegemee kuta zimejaa michoro ya rangi, pale ni historia na mila na vitu vya mikono, na kwa watoto naona ni bora hivyo maana kitu alichokiona kwa bibi yake ndo anakielewa. Beba daftari na penseli tatu. Kila mtoto achague kitu KIMOJA tu akichore, kisha mtoke. Usisome kila kibao kwa sauti jamani, nimeona wamama wanafanya hivyo mtoto wa chekechea anaanza kulia haja ndogo hata dakika kumi hazijaisha. Saa moja inatosha, ikizidi mmeanza kugombana.

Chakula sasa, hapa ndo penyewe. Mpeleke familia Neema Crafts, ni mradi wa Kanisa Anglikana ulioanza 2003, unaajiri watu wenye ulemavu, na kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, oda unaiandika kwenye karatasi. Hapo utashangaa yule aliyenuna ndo anakua wa kwanza kushika kalamu! Muombeni mhudumu awafundishe kusema asante kwa mikono, wa chekechea atarudi nayo Mafinga atawachosha wiki nzima. Na sanaa uliyokua unaitafuta iko hapo hapo, wana karakana za kufuma, shanga, na karatasi inayotengenezwa kwa kinyesi cha tembo, ndio, kinyesi cha tembo, mwambie wa darasa la tatu ainuse uone uso wake (hainuki).

Baba akishikilia kuku wa kienyeji mtafutieni, ila pigeni simu kabla. Mimi yalinikuta, kuna mahali sipataji tuliagiza saa saba, saa tisa hatujaona hata mchuzi, watoto washamaliza biskuti zote za kwenye pochi, nikaenda kuchungulia jikoni, yani kuku ndo kwanza ananyonyolewa. Kwahiyo agiza mapema au kula kwingine, njaa ya watoto haina subira.

Mkishashiba piteni sokoni muangalie vikapu vya milulu. Sisi tumevizoea tunabebea nyanya, lakini kaa na mama anayesuka umuulize anaanzia wapi na ile michirizi ya rangi anaihesabuje, utaona ni kazi ya akili kweli. Nunueni kimoja, msimpunje bei. Jioni kama miguu bado ipo pandeni Gangilonga, ule mwamba ambao jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, mji wote unauona chini. Mdogo mshikeni mkono. Isimila iacheni siku nyingine, lile korongo linataka asubuhi na miguu mipya. Mpira wa baba kwa kawaida ni jioni au usiku, ataukuta, mpe hiyo ahadi mapema.

Shangazi, mimi ni baba wa Mbeya. Nataka kumpeleka kijana wangu wa miaka 8 makumbusho ya Kalenga, kule karibu na Iringa mjini, ila kasikia kuna fuvu la mtu, analala na taa inawaka. Niahirishe?

Usiahirishe, ila msimulie kwanza. Anaogopa kwasababu ameambiwa fuvu, hajaambiwa ni la nani. Mwambie ni chifu Mkwawa, ambaye jeshi lake liliwapiga Wajerumani pale Lugalo 1891, wakamsaka miaka mpaka 1898 akajiua mwenyewe kuliko kukamatwa, wakamkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Wahehe walikidai kwa miaka mingi, hata mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulitaja kirudishwe, na fuvu lilirudi 1954. Watoto wa umri huo wanapenda sana habari ya kitu kilichoibiwa kikarudi kwao, huenda maswali yatakua mengi kuliko woga. Mkifika mlangoni muulize mwenyewe, akisema haingii mwache akae nje kwenye kivuli na mama yake, we ingia utoke umsimulie, na usimcheke mbele ya watu baba.