Kichujio kipite njia gani?

Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, ikikataa kuwasha uhusiano kati ya majedwali mawili kwa sababu tayari kuna njia nyingine, usidhani programu imeharibika. Inakuuliza kichujio kipite wapi. Wengi ninaofanya nao kazi hubofya huku na kule hadi ujumbe utoweke, halafu wanashangaa jumla zisipolingana.

Chukua modeli yenye Maeneo, Wateja, Matawi na Mauzo. Maeneo yanachuja Wateja, yaani ukichagua eneo wanabaki wateja wa hapo tu; Wateja nao wanachuja Mauzo. Kisha mtu anaunganisha Maeneo na Matawi, ambayo nayo yanachuja Mauzo. Sasa msomaji wa ripoti akichagua Kaskazini, anataka mauzo kwa wateja wanaoishi Kaskazini au mauzo ya matawi yaliyoko huko? Mteja wa Kaskazini aliyenunua kwenye tawi la Kusini ahesabiwe wapi? Hakuna fomula itakayokujibu. Muulize mwenye ripoti. Mara nyingi atasema anataka yote mawili. Basi mimi huingia Power Query, sehemu ya kuandaa data kabla haijaingia kwenye modeli, naliunganisha jina la eneo ndani ya Wateja na ndani ya Matawi, naziita safu hizo Eneo la Mteja na Eneo la Tawi, kisha nalitoa jedwali la Maeneo kwenye modeli. Njia zimebaki mbili, ila kila moja ina jina lake.

Tarehe ni rahisi zaidi. Kalenda, yaani jedwali la tarehe, ikiunganishwa na tarehe ya oda na pia tarehe ya kusafirisha, uhusiano mmoja tu ndio utakuwa hai. Wa pili utaonekana kwa mstari uliokatikakatika. Kama ni vipimo (fomula za hesabu za ripoti) viwili vitatu tu vinavyouhitaji, USERELATIONSHIP ndani ya CALCULATE inatosha: inauwasha uhusiano wa pili kwa hesabu hiyo tu. Lakini mtumiaji akitaka kuona oda za Januari zilizosafirishwa Februari, nakili Kalenda uwe nazo mbili. Jedwali la tarehe ni dogo, halitakulemea.

Ninachokiogopa hasa ni uchujaji wa pande mbili, yaani kila jedwali kulichuja lingine. Watu huuwasha ili orodha ya kuchagulia ionyeshe bidhaa zilizouzwa tu. Sasa tuseme Bidhaa na Kalenda zote zinachuja Mauzo na Malengo. Ukiwasha pande mbili kati ya Mauzo na Bidhaa, Kalenda inapata njia ya kuzunguka: inapita Mauzo, inapanda Bidhaa, inashukia Malengo. Na ubaya ni kwamba si kila mara utaonywa. Wakati mwingine Power BI hujichagulia njia kwa kanuni zake za kipaumbele na wewe hujui.

Rudisha uhusiano huo uwe wa upande mmoja. Kwenye orodha ya bidhaa, weka kipimo cha mauzo kama kichujio cha orodha hiyo, kwa sharti kwamba kisiwe tupu. Ikibidi pande mbili kwa hesabu moja tu, tumia CROSSFILTER, inayobadili mwelekeo wa kichujio kwa hesabu hiyo tu, ndani ya kipimo hicho, uhusiano wenyewe usiuguse.