Jibu: Kihisio cha kubandikwa kwenye mfupa, betri inakaa wapi?
Pole kwa mama, ndugu yangu. Umeuliza kile kidude cha Chuo Kikuu cha Arizona kinachajiwaje, na kama wanaweza kumwekea akipasuliwa paja. Kwanza, hakina betri kabisa. Ni chembamba kama karatasi, na umeme wake kinaupata kwa mawimbi kutoka nje, kama kadi za kugusisha. Unasogeza simu juu ya ngozi, kinaamka na kutuma vipimo vya mkazo wa mfupa.

Kilichonivutia zaidi ni gundi. Uso wa mfupa hujivua na kujijenga upya kama ngozi, kwa hiyo gundi ya kawaida ingebanduka baada ya miezi kadhaa. Timu ya Philipp Gutruf, mhandisi wa chuo hicho, ikatumia gundi yenye chembe za kalsiamu, ili mfupa uidhani ni mwenzake na kuota ukishikana nayo.

Ila kazi hiyo, iliyochapishwa 2021, ilijaribiwa kwa wanyama wa maabara. Kilichoruhusiwa Marekani kwa watu mwaka huohuo ni goti bandia, Persona IQ. Hilo lina betri, linahesabu hatua na mwendo, haliangalii mfupa unavyounga. Kwa mama, eksirei bado ndiyo yenye kazi.