Akili ikitulia, mwili unapata nini?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mtu anaweza kujiponya kwa kutuliza akili. Mimi nasema utulivu unausaidia mwili, tena si kidogo, lakini kusaidia si kuponya. Nimeshika kalamu kwa sababu ya wanaochanganya mambo hayo mawili, maana nimewahudumia wagonjwa waliowasikiliza.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, zaidi katika kliniki ya presha hapa Tanga. Mgonjwa anashuka kwenye bodaboda jasho likimtoka, ametoka kubishana na dereva juu ya nauli, anaketi na papo hapo ananyoosha mkono apimwe. Ukikubali kumpima wakati huo, utaandika namba ya kutisha. Ndiyo maana utaratibu unataka akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapandana, na asiongee. Ukimpima baada ya hapo, mara nyingi kipimo kimeshuka, na hajameza chochote. Wapo hata ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu mhudumu wa koti jeupe. Wakipimwa nyumbani, kipimo ni cha kawaida.

Mwili hautofautishi sana kati ya simba na deni la vikoba. Ukiwaza marejesho ya Ijumaa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, mishipa hubana, sukari huongezeka kwenye damu. Kwa mtu anayekimbia hatari, huo ni mpango mzuri kabisa. Shida ni kwamba simba huondoka, marejesho hayaondoki.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ulifanyika Ohio, Marekani, ukachapishwa mwaka 1995. Watafiti waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, upana wa milimita 3.5, kisha wakahesabu siku. Vidonda vya waliokuwa wakiuguza vilichelewa kufunga kwa takriban siku tisa. Ngozi ni ileile na kidonda ni kilekile. Wauguzi tunaosafisha vidonda tulikuwa tunalishuku jambo hilo zamani. Hapo likapata namba. Ukitaka kujua nani anabeba msongo katika nyumba zetu, usimwangalie mgonjwa peke yake, mwangalie na yule binti aliyeacha biashara yake ili amwangalie mama.

Basi, taamuli, yaani kukaa kimya na kuituliza akili, inaingilia wapi? Kwa sehemu kubwa inapitia kwenye pumzi. Moyo huwezi kuuamuru, wala tumbo, lakini pumzi unaweza kuishika mwenyewe. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakikariri maneno ya wanayoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na vihisi vya mishipa vinavyorekebisha presha vikafanya kazi vizuri zaidi. Maneno yalikuwa tofauti, dini tofauti, mwendo wa pumzi mmoja. Watafiti hao waligusia pia kwamba rozari, ile tasbihi ya kusalia Salamu Maria, huenda ilifika Ulaya kutoka kwa Waarabu, nao waliipata mashariki zaidi.

Kwa msomaji wa pwani habari hiyo haishangazi sana. Mzee anayebaki msikitini baada ya swala kuvuta uradi, tasbihi ikipita vidoleni, hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi ya mishipa, wala hakai pale kwa ajili hiyo. Nasema haya kwa sababu wengi hapa wakisikia taamuli wanadhani ni mambo ya Wahindi au ya mahoteli ya kitalii, wanaogopa kuingizwa dini nyingine. Hulazimiki kukunja miguu wala kulipia kozi. Kaa, pumua polepole, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Akili ikitoroka, irudishe bila kujigombeza. Itatoroka tena.

Kuhusu maumivu sugu, mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianzisha mwaka 1979, katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, mafunzo ya taamuli kwa wagonjwa ambao madaktari hawakuwa na jipya la kuwapa. Mgongo haukunyooka. Wengi walipata namna ya kuishi nao.

Sasa nije kwa wale walionifanya niandike. Kuna wahamasishaji siku hizi wanasema mgonjwa amejiletea ugonjwa kwa fikra mbaya, na akifikiri vizuri uvimbe utayeyuka. Mwaka 1989 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliishi muda mrefu zaidi walipokutana kila wiki katika kikundi cha kusaidiana. Dunia ikafurahi. Utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235, ukaja mwaka 2001: hawakuishi muda mrefu zaidi. Walichopata ni nafuu ya huzuni na ya maumivu. Kwangu hiyo ni faida kubwa, lakini si ile inayouzwa jukwaani. Kumwambia mama aliye kwenye tibakemikali kwamba hajafikiri vizuri vya kutosha ni kumtwisha ugonjwa wa pili.

Watanzania tunakumbuka Loliondo mwaka 2011, foleni za magari hadi Samunge, kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Wengi walijisikia wepesi baada ya kunywa, nami siwabishii. Kujisikia vizuri ni kitu halisi. Ila wapo walioacha dawa za sukari na za virusi vya ukimwi kwa sababu ya wepesi huo, na virusi havijui kama umefurahi.

Uchambuzi wa mwaka 2014, uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, ulikuta taamuli inapunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu, bila ushahidi kwamba inazishinda dawa au mazoezi ya mwili. Na haimfai kila mtu. Aliyepitia ukatili au vita anaweza kufumba macho akayaona yaleyale tena. Huyo asilazimishwe, atembee na mwenzake, na amwone mtaalamu.

Mngeniuliza la kufanya, ningeanza na mabenchi ya kliniki. Watu wanafika alfajiri, wanakaa saa nzima wakisimuliana misiba na bei ya unga. Muuguzi mmoja angewaongoza kupumua polepole kwa dakika kumi kabla ya kuanza kupima. Haigharimu kitu, vipimo vitakuwa vya kweli zaidi, na vidonge vyao watavichukua dirishani kama kawaida.

Muuguzi, Tanga