Mtoto asiende Japani mikono mitupu

Tangu nilipoandika kuhusu safari za shule kwenda Japani kuona roboti, teknolojia na utamaduni wa kule, maswali hayajakatika. Nimechagua yale yanayowagusa wengi, pamoja na machache ambayo sikuweza kuyanyamazia.

Mwalimu, safari ya Japani ni shilingi ngapi? – Mzazi, Dar es Salaam

Hili limeulizwa kuliko yote, na kila mara linakuja hivihivi: halina siku, halina mwezi, halina idadi ya watoto. Siwezi kulijibu, na wakala mwaminifu hawezi pia. Anayekutajia bei kwenye simu kabla hajauliza mtazunguka miji mingapi, kaa naye mbali. Tafadhalini, nimelieleza hili mara tatu. Anayeuliza tena aje na ratiba mkononi.

Nitawapa jambo moja la hakika, nalo ni treni. Japan Rail Pass ya siku saba, yaani pasi ya watalii ya kupanda treni kati ya miji, ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000. Bado naletewa bajeti za shule zenye bei ya zamani. Nusu bei ni ya watoto wa miaka 6 hadi 11, kwa hiyo wanafunzi wa sekondari wanalipa kama watu wazima. Na mkikaa Tokyo tu, hamuihitaji kabisa. Shule moja niliyowahi kuisaidia iliuziwa pasi hizo kwa kundi zima, na kundi halikutoka nje ya jiji hata siku moja. Fedha zile zilikuwa za wazazi waliouza mazao.

Shikamoo Mwalimu. Je, tutamwona ASIMO? – Mwanafunzi, kidato cha pili, Arusha

Marahaba. Hapana. Honda walimtambulisha roboti huyo anayetembea kwa miguu miwili mwaka 2000, na onyesho lake la mwisho katika makumbusho ya Miraikan, Tokyo, lilikuwa Machi 2022. Kipeperushi cha safari kikiwa na ahadi ya ASIMO, ujue aliyekitengeneza hajakanyaga Miraikan siku nyingi. Mwonyeshe mwalimu wako jibu hili.

Nafundisha fizikia. Tuna siku nane tu, na ratiba ya wakala imeweka siku nzima ya chai, kimono na mahekalu. Naona ni kupoteza muda wa roboti. Nizifute? – Mwalimu, Kisumu

Usizifute, ndugu yangu. Zipange upya.

Mchukue mwanafunzi kwanza Ueno, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Asili na Sayansi. Pale kuna saa iliyokamilishwa na Tanaka Hisashige mwaka 1851, yenye kuonyesha saa za Kijapani, saa za Magharibi na mwendo wa mwezi, yote kwa springi na gia alizozichonga mwenyewe. Kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyokuja kuwa Toshiba. Kabla ya hapo Tanaka alijipatia jina kwa wanasesere wa mashine, karakuri. Anayejulikana zaidi katika jamii hiyo ni mwanasesere anayepeleka chai: unaweka kikombe kwenye sinia lake, anakwenda hadi kwa mgeni, mgeni akiinua kikombe, anasimama, kikirudishwa, anageuka na kurudi alikotoka. Hana umeme wala programu. Ana gia za mbao, na springi iliyotengenezwa kwa mabamba manyumbufu ya kinywani mwa nyangumi. Mwaka 1796 Hosokawa Hanzo alichapisha kitabu chenye michoro ya namna ya kuunda mashine hizo, ili mtu mwingine aweze kuziunda.

Sasa niambie, mwanafunzi ambaye hajawahi kukaa kwenye mkeka wa tatami akapewa chai kwa mikono miwili ataelewaje kwa nini fundi wa zamani alihangaika kuunda mashine ya kumhudumia mgeni? Chai ndiyo somo lenyewe. Iweke asubuhi, na Ueno mchana wa siku hiyohiyo.

Mkiwa na nafasi ya kutoka Tokyo, nendeni Nagoya, kwenye makumbusho ya Toyota ya viwanda na teknolojia. Watoto wetu wamepanda Hiace tangu wakiwa mgongoni mwa mama, lakini ni wachache wanaojua kwamba ukoo wa Toyoda, ulioanzisha Toyota, ulianza na nguo. Toyoda Sakichi alitengeneza mitambo ya kufuma, na ule wa mwaka 1924, Aina ya G, ulisimama wenyewe uzi ukikatika. Mwaka 1929 haki za kuutengeneza ziliuzwa kwa Platt Brothers wa Uingereza, nchi iliyokuwa bingwa wa mashine za nguo. Wahudumu huiwasha mitambo mbele yenu. Mwache mwanafunzi asimame hapo muda mrefu, atazame mashine inayotambua kosa lake na kusimama. Akilielewa hilo, vihisi (sensa) vya kiwanda cha leo havitamtisha.

Angalizo: Ueno na Nagoya hufungwa Jumatatu, Miraikan hufungwa Jumanne. Nimewahi kuona watoto arobaini mbele ya mlango uliofungwa.

Chaja zetu zitafanya kazi? – Mwanafunzi, Tanga

Beba adapta ya pini mbili bapa, na hakikisha chaja yako imeandikwa kwamba inakubali volti 100.

Shule inachukua kila anayelipa. Binti yangu ndiye fundi wa klabu ya roboti, ameunda gari linalokwepa ukuta kwa vifaa alivyochomoa kwenye redio mbovu, lakini sina uwezo wa kulipa. Nifanye nini? – Baba, Mbeya

Baba, barua yako nimeisoma mara mbili.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika safari hizi. Tunampeleka mtoto ambaye hajawahi kushika bisibisi, tunamwacha aliyekesha na mota. Yule wa kwanza atarudi na picha, na simlaumu, maana hakuandaliwa. Huyu wa pili angesimama mbele ya mkono wa roboti akauliza unajuaje pa kusimama, kwa sababu gari lake yeye liligonga ukuta mara mia.

Andika barua kwa bodi ya shule, si kwa mwalimu wa darasa. Omba nafasi mbili zitengwe kwa walioonyesha kazi, na gharama zake zigawanywe kwa kundi zima au zichangishwe kwa harambee. Nimeona shule zikikubali pale mzazi mmoja alipothubutu kuliandika. Bodi ikikataa, omba angalau fedha za tiketi moja ya ndege zinunue Arduino (vibao vidogo vya kompyuta vya kuongoza roboti), mota na betri kwa klabu. Tiketi moja inabeba mtoto mmoja kwa juma moja. Vifaa vile vitashikwa na kila kidato kitakachofuata.

Na ninyi wakuu wa shule mnaosoma hapa, msiite safari ya roboti kama shule yenu haina hata klabu ya roboti. Iiteni matembezi, na wazazi wajue wanalipia nini.

Mwanangu ana pumu, na hupata mafua kila akisafiri. Nimfungie dawa zake? – Mama, Muscat

Mfungie, lakini soma kwanza maandishi ya kila boksi. Japani ni wakali. Dawa ya mafua yenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoephedrine hairuhusiwi kuingia, na zile za kikohozi zenye codeine zina masharti yake. Dawa alizoandikiwa na daktari zikizidi za mwezi mmoja zinahitaji kibali cha kuingiza, Yunyu Kakunin-sho, kinachoombwa kabla ya safari. Ziache kwenye boksi zake na cheti cha daktari kwa Kiingereza. Usizichanganye kwenye kopo moja kama tulivyozoea nyumbani.

Soseji na nyama kavu pia zitachukuliwa uwanja wa ndege, hata kama ni za mtoto.

Hukuuliza kuhusu halali, ila najua litafuata. Supu nyingi za rameni, tambi za Kijapani, huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama nyama yake haionekani bakulini, na mirini inayotiwa kwenye mchuzi ni kileo. Kiongozi wa safari awe na kadi ya Kijapani inayoyataja haya moja moja. Kwa Ijumaa, Tokyo ina msikiti mkubwa, Tokyo Camii, uliojengwa mwaka 1938 na kujengwa upya mwaka 2000.

Twende mwezi gani ili watoto waingie na darasani? – Mwalimu mkuu, Morogoro

Juni. Likizo yenu inaangukia wakati shule za Japani ziko wazi. Ni msimu wa mvua, bebeni miavuli. Agosti wanafunzi wao wako likizo, na vimbunga huanza kusumbua.

Mkifika, ombeni kukaa hadi muda wa usafi. Wanafunzi wa kule hufagia madarasa, hupangusa korido na hugawiana chakula cha mchana wenyewe. Wetu pia hufagia, tena alfajiri kabla ya namba, kwa hiyo wasiambiwe ni jambo geni. Tofauti iko hapa: kwetu ufagio ni adhabu pia. Aliyechelewa anapewa choo asugue. Tukishamfundisha mtoto kwamba kusafisha ni fedheha, tusitarajie aiheshimu karakana.

Je, safari itamsaidia kupata ufadhili wa kusoma Japani? – Mzazi, Nakuru

Hapana. Ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, unaombwa kupitia ubalozi wao, na una nafasi za chuo kikuu na za vyuo vya ufundi vya kosen. Hautaki uwe umetembelea nchi yao. Unataka alama nzuri na mitihani. Anayekuambia kifurushi chake kinafungua mlango huo anakudanganya.

Kweli roboti zinafanya kila kitu Japani? – Mwanafunzi, Bukoba

Si kweli, na ukitaka ushahidi usome habari za Fukushima. Machi 2011 kinu cha nyuklia kiliharibiwa na tsunami. Nchi iliyokuwa na roboti za kupanda ngazi na kucheza ngoma ikaanza na roboti za PackBot kutoka Marekani ndani ya majengo yale, mwezi Aprili. Roboti ya Kijapani, Quince, iliingia Juni. Oktoba ilikwama humo baada ya kebo yake kunasa. Japani haikuficha aibu hiyo. Ilijenga huko Minamisoma, mkoa uleule wa Fukushima, uwanja mzima wa kujaribia roboti kwenye vifusi na mafuriko.

Na pale Nihonbashi, Tokyo, kuna mkahawa uliofunguliwa 2021 ambako roboti za OriHime huhudumia wateja. Wanaoziendesha ni watu wenye ulemavu, wengine wakiwa vitandani kwao. Kama ratiba yenu ina mlo mmoja tu wa kuchagua, chagueni huo.

Nimechaguliwa kuuliza swali kwa niaba ya shule tukifika kiwandani. Niulize nini? – Mwanafunzi, kidato cha tatu, Iringa

Usimuulize meneja. Mtafute anayevaa ovaroli, muulize kupitia mkalimani: roboti hii iliharibika mara ya mwisho lini, ni kipande gani, na nani aliitengeneza? Ukiweza, chora kipande chenyewe kwenye daftari. Kisha niandikie alichokujibu.