Mume wangu amekataa mtoto apasuliwe Ijumaa tarehe 13

Hujambo shangazi? Ninaishi Nakuru na mume wangu ni dereva wa lori. Ijumaa tarehe 13 Desemba 2024 alipata ajali akiteremka Sachangwan, utingo wake akafa papo hapo. Tangu hapo, Ijumaa ikiangukia tarehe 13 hatoki nyumbani, na watoto pia hawaendi shule. Sasa kitinda mimba wetu wa miaka minne ana henia ya kinena, na hospitali imempangia upasuaji Ijumaa tarehe 13 Novemba mwaka huu wa 2026. Baba watoto amesema haiwezekani. Mama mkwe naye amepiga simu kutoka Vihiga akasema tusicheze na siku hiyo. Kuna mchungaji anayeendesha kesha mtaani kwetu ambaye yuko tayari kuvunja nuksi ya tarehe hiyo, lakini anataka shilingi 3,000 za mafuta ya upako. Mume wangu ni mzee wa kanisa, shangazi. Nikimpinga nitakuwa nimemvunjia heshima? Na nikimpeleka mtoto kisha kitu kitokee kweli, nitasema nini?
Mama wa Watatu, Nakuru

Mpwa wangu,

Nianze na mtoto, kwa kuwa ndiye mwenye haraka. Henia ya kinena kwa mtoto haijifungi yenyewe. Leo inatokeza akilia na kurudi akilala, lakini iko siku utumbo unaweza kunaswa pale usirudi. Ukiona uvimbe umekuwa mgumu, au umebadilika rangi, au haurudi ndani, au mtoto anatapika au halii kilio cha kawaida, usingoje Novemba wala usiulize leo ni siku gani. Kimbia hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Na ukiahirisha tarehe mliyopewa, wewe ndiwe utakayerudi kupanga foleni upya.

Ingekuwa ni harusi au kuhamia nyumba mpya, ningekwambia sogeza siku, ununue amani ya nyumba, hakuna atakayekufa. Hapa sikwambii hivyo.

Sasa baba watoto. Nimeisoma barua yako nikirudi mara kwa mara kwenye sentensi ile ya utingo. Hujaniambia kama mume wako alikwenda kumzika yule kijana, kama amewahi kukaa na mama yake, au kama huwa anamtaja jina hapo nyumbani. Mtu aliyeshika usukani akatoka mzima, na mwenziwe wa kiti cha pili akafa, hubeba mzigo ambao ni vigumu kuutua mbele ya watu. Tarehe inamsaidia kuubeba. Tarehe haiwezi kushtakiwa, haiwezi kujibu, na ikiwa ndiyo iliyoua, basi haina haja ya mtu kuuliza breki zilikaguliwa lini, mzigo ulikuwa tani ngapi, au dereva alikuwa amelala saa ngapi usiku ule. Huenda ni mume wako anayeogopa maswali hayo. Huenda ni mwenye lori aliyepaswa kuulizwa, na Ijumaa ya 13 imemfichia.

Barabara ile ya Sachangwan sote tunaijua. Mteremko kutoka Mau Summit hadi Salgaa ni mrefu, na miaka mingi madereva wamelaumiwa kwa kuachilia gia ili kubana mafuta, hadi breki zichemke na kushindwa. Ajali ya Migaa iliyoua zaidi ya watu 30 ilitokea alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017. Ilikuwa Jumapili. Ile ya Londiani, lori lilipowavamia wafanyabiashara na wasafiri wa matatu kando ya barabara wakafa zaidi ya 50, ilikuwa tarehe 30 Juni 2023, na kweli ilikuwa Ijumaa, lakini ya 30. Sijasikia mtu akiwazuia watoto kwenda shule kila tarehe 30.

Muulize pia, kwa upole, swali la hesabu. Mwezi wowote unaoanza Jumapili lazima uwe na Ijumaa ya 13. Mwaka huu ni mitatu: Februari, Machi na huo Novemba. Februari na Machi mlijifungia ndani, na jirani zenu wakaenda sokoni wakarudi na sukuma wiki zao. Shida ikija tarehe 12 tunaiita shida tu. Ikija tarehe 13 tunaipa ukoo.

Na ukoo wenyewe si wa kwetu, ndilo linalonichekesha. Bibi zetu walikuwa na miiko yao, mingine mizito, lakini hawakuwa wakihesabu miezi ya kalenda hii. Ijumaa ya 13 imetoka kwa Wazungu, na mara nyingi inaelezwa kwa karamu ya mwisho, walipoketi watu 13 mezani, kisha Yesu akasulubiwa Ijumaa. Hata wao hawajaelewana: Wahispania wanaogopa Jumanne ya 13, na Waitaliano wanaogopa 17. Mama mkwe wako yuko Vihiga, nyumbani kwa kanisa la African Israel Nineveh. Waumini hao wa kanzu nyeupe na vilemba wanaiheshimu Ijumaa kama siku takatifu, wala hawajifungii ndani. Mwambie awaulize.

Kwa kuwa mume wako ni mzee wa kanisa, fungueni Biblia pamoja, lakini usiishike kama rungu. Kumbukumbu la Torati 18:10 inamtaja "mtu atazamaye nyakati mbaya" katika sentensi moja na mwenye kubashiri na msihiri. Paulo, katika Wagalatia 4, anawasikitikia watu waliokwisha kumjua Mungu kisha wakarudi kushika siku na miezi. Lakini kama ni kuchagua moja, ningesoma naye kitabu cha Esta. Hamani alipotaka kuwaangamiza Wayahudi alipiga kura ili apate siku, na siku iliyotangazwa ya kuwaua ilikuwa tarehe 13 ya mwezi wa Adari. Siku ilipofika mambo yaligeuka, waliotaka kuwatawala Wayahudi wakatawaliwa wao. Mwulize mzee wako wa kanisa: katika hadithi hiyo, ni nani aliyekuwa anaamini tarehe?

Kuhusu huyo wa kesha, nitasema kwa ufupi kwa sababu nikiendelea nitakosa adabu. Anayekuuzia mafuta ya kuivunja tarehe amekwisha kukubali kwamba tarehe ina nguvu. Amekaa upande wa Hamani, tofauti ni kwamba yeye ana chupa na bei. Usimpe shilingi 3,000. Zitakufaa kwa nauli na uji wa mtoto.

Umeuliza kama kumpinga ni kumvunjia heshima. Kumpeleka mtoto kwa siri, akagundua jioni kwa kuona bandeji, huko ndiko kumvunjia heshima. Kumbishia mbele ya mama yake au mbele ya watoto, vilevile. Keti naye mapema, Novemba ikiwa bado mbali, mkiwa wawili, na usianze na henia. Anza na utingo. Mwambie ungependa mwende kwao mkawaone wazazi wake, mchukue sukari na unga, mkae nao nusu siku. Kama ameshindwa kuingia boma lile tangu ajali, mtafute mzee mwenzake wa kanisa anayemwamini, si huyo wa kesha, aende naye. Na kama halali usiku au anashtuka akisikia honi, aonane na mshauri nasaha hospitalini. Hilo nalo ni gonjwa, na lina watu waliosomea kulitibu.

Pengine mtazungumza yote hayo na bado atasema hapana. Ikifika hapo, mwambie wazi, bila kupandisha sauti, kwamba utampeleka mtoto na kwamba ungependa awe nawe. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawapa baba na mama wajibu sawa, kwa hiyo si yeye peke yake anayeweza kuamua. Anaweza asikubali kuingia hospitalini. Mwache akae kwenye benchi nje, ni sawa.

Na hilo swali lako la mwisho, ikitokea kitu. Upasuaji wowote una hatari yake, hata ukifanywa Jumatano ya tarehe 8. Muulize daktari hatari hizo ni zipi, mtoto atapewa dawa gani ya usingizi, na aache kula na kunywa saa ngapi kabla. Saa hizo zishike kwa makini kuliko tarehe yoyote, kwa sababu tumbo likiwa na chakula watamrudisha nyumbani.

Mama mkwe mpigie wiki hiyo ikianza, usingoje akupigie yeye. Mwambie unahitaji mtu wa kubaki na hao wakubwa wawili, na kwamba Ijumaa hiyo wanaenda shule.