Mgodi Umefungwa, Je, Maji Yatarudi?

SWALI: Nimesoma kwamba mgodi wa makaa ya mawe wa Kayenta, Arizona, Marekani, ulifungwa mwaka 2019. Je, maji ya chini ya ardhi hurejea pampu zikizimwa? – Msomaji, Songea.

JIBU: Hurejea, lakini polepole mno. Hadi mwaka 2005, maji yaliyovutwa kutoka mwamba wa mchanga wa Navajo, unaohifadhi maji chini ya ardhi eneo hilo, takriban mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, kwa sehemu kubwa yalichanganywa na makaa yaliyosagwa kutoka mgodi jirani wa Black Mesa, kisha tope hilo likasukumwa kwa bomba la kilomita 439 hadi kituo cha umeme cha Mohave, Nevada. Inaniuma kwamba maji hayo yalikuwa safi ya kunywa, ilhali familia nyingi za Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hilo, hubeba maji kwa mapipa garini.

Mwamba ukifunikwa na tabaka lisilopitisha maji, kina cha maji kisimani huanza kupanda mapema kwa sababu shinikizo limerudi. Lakini kurudi kwa ujazo uliopotea, uliokusanyika kwa maelfu ya miaka, hutegemea mvua chache za jangwani. Kwa hiyo chemchemi, ambazo Wahopi, wenyeji wengine wa asili wa eneo hilo, huziheshimu kama mahali patakatifu, zinapaswa kupimwa kwa miongo mingi baada ya mgodi kufungwa.